Kila Jambo Lina Kipimo Chake



Wazee wetu walijua kupima hata kabla shule hazijafika vijijini. Walikuwa na kibaba na pishi. Vibaba vinne vilifanya pishi moja. Mama alipokwenda ghalani alijua ni vibaba vingapi vinatosha watu wa nyumba yake.

Methali yetu inasema, "Haba na haba hujaza kibaba." Tunaitumia tunapohimizana kuweka akiba. Lakini kibaba kina fundisho jingine. Kikishajaa, ukizidi kumimina, nafaka humwagika chini. Kuku ndio watakaofaidi.

Leo tuzungumze juu ya kiasi. Watu wengi wakisikia neno hili hufikiri wanaambiwa wajinyime. Wengine hufikiri kiasi ni jina zuri la uchoyo. Sivyo. Kiasi ni kujua kipimo cha jambo na kukifuata. Kuzidisha ni kosa, na kupunguza mno pia ni kosa.

SHAMBA LINATUFUNDISHA

Tuanze na shamba, maana huko sote tunaelewana.

Mkulima wa mahindi hupanda kwa mistari. Kutoka mstari hadi mstari huacha sentimita 75. Kutoka shimo hadi shimo huacha sentimita 60, na katika kila shimo hukuza miche miwili. Kwa kupanda hivyo, ekari moja huwa na mashimo kama 9,000.

Mbolea ya kupandia, kama vile DAP, huwekwa kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo. Kizibo kimoja ni gramu 5 hivi. Tukizidisha mara mashimo 9,000 tunapata kilo 45. Kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 50 hutosha ekari moja.

Sasa mkulima mwingine husema, "Nikitia vizibo vitatu, nitavuna mara tatu." Anajidanganya. Mbolea nyingi ikigusana na mbegu huiunguza. Fedha zimekwenda, na shimo limebaki tupu. Mwingine hutia robo kizibo ili mfuko mmoja utoshe ekari nne. Huyo naye mahindi yake hudumaa na kuwa ya njano. Wote wawili wamepata hasara.

Bwana shamba akieleza hivyo, watu hukubali upesi. Wameona kwa macho yao. Lakini tukitoka shambani na kuingia nyumbani, tunasahau. Ghala hatulipimi. Kinywaji hatukipimi. Hata nguvu za mwili wetu hatuzipimi.

MAHINDI YALIKWENDA WAPI?

Katika kijiji kimoja cha nyanda za juu kusini, nilipita kukagua mashamba mwezi wa Januari. Nilifika kwenye shamba la ekari mbili. Magugu yalikuwa yamefika magotini. Mahindi yalikuwa membamba, na mbolea ya kukuzia haijatiwa. Nilishangaa, kwa sababu mwenye shamba hilo si mvivu. Msimu uliotangulia alivuna vizuri, madebe 67. Debe moja la mahindi makavu lina kilo 18 hivi, kwa hiyo yalikuwa karibu magunia 12 ya kilo 100.

Nilikwenda nyumbani kwake jioni. Nilimkuta yeye na mkewe wamerudi kutoka kwenye kibarua. Walikuwa wakipalilia shamba la mtu mwingine ili wapewe mahindi ya kula.

"Karibu, Bwana Shamba," alisema mzee. "Najua kilichokuleta. Umeona shamba langu. Lakini ningefanyaje? Watoto hawawezi kulala njaa. Mahindi yalikuwa mengi, kisha yakaisha. Mimi mwenyewe sijui yalikwenda wapi."

Mkewe alikuwa akipembua ule ujira wao. Aliweka ungo chini.

"Mimi najua, Baba Watoto," alisema. "Tukubaliane tu tuhesabu."

Akachukua punje za mahindi akazipanga mkekani. Kila punje ilikuwa debe moja. Akasema, "Mwezi wa Julai uliuza madebe thelathini kwa yule mwenye lori." Akatenga punje thelathini. "Madebe manane tulipika pombe." Akatenga nane. Zikabaki punje 29. "Hizi ndizo tulizokula. Mwanzoni kila aliyekuja alikula na kushiba, na kuku nao tukawamwagia. Tulikuwa tukimaliza madebe manne na nusu kila mwezi. Katikati ya Januari ghala likawa tupu."

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Madebe manane ya pombe! Lakini Mama Watoto, ile ilikuwa pombe ya kuwashukuru watu waliotusaidia kuvuna. Nisingewapa kitu, wangesema mimi ni mchoyo. Mwaka ujao nani angekuja?"

Mkewe akajibu, "Sikusema usiwape. Nasema nane zilikuwa nyingi. Watu walikunywa siku tatu. Siku ya tatu hata waliokunywa si waliovuna."

Ndugu msomaji, tusimcheke mzee huyu. Alitaka kulinda heshima yake na ujirani wake. Hilo ni jambo jema. Ila hakulipima.

Na tuone ubaya wake ulivyozunguka. Mwezi wa Julai mahindi ni mengi kila mahali na bei iko chini. Aliuza kwa bei hiyo. Mwezi wa Januari mahindi ni haba na bei iko juu. Wakati huo yeye ndiye mnunuzi. Hana fedha, kwa hiyo analipa kwa jasho. Akipalilia shamba la mwenzake, shamba lake linaliwa na magugu. Mahindi huumizwa zaidi na magugu katika wiki sita za kwanza. Basi njaa ya mwaka huu huzaa njaa ya mwaka ujao.

HESABU YA GHALA

Jioni ile tulikaa tukapiga hesabu pamoja. Nyumba ile ina watu sita, wakubwa wawili na watoto wanne. Mama alisema, akipima vizuri, kilo mbili za mahindi zinawatosha kwa siku. Kwa mwezi ni kama madebe matatu na nusu. Kwa miezi 12 ni madebe 42.

Katika mavuno ya madebe 67, kumbe mgawanyo ungeweza kuwa hivi:

Chakula cha mwaka mzima, madebe 42.
Wageni, misiba na shukrani kwa wasaidizi, madebe 5.
Kuuza, madebe 20.

Hayo madebe 20 nayo hayauzwi siku moja. Nusu yanaweza kuuzwa baada ya mavuno ili kulipa madeni na mahitaji ya haraka. Nusu nyingine yangojee hadi karibu na msimu wa kupanda, yanunue mbegu na mbolea.

Kisha mama alisema jambo ambalo nimelichukua na kulifundisha kila ninapokwenda. Alisema, "Kwa hiyo debe moja ni siku tisa za ugali." Ni kweli. Kilo 18 ukizigawa kwa kilo mbili kwa siku, unapata siku tisa. Madebe manane ya pombe yalikuwa siku 72 za ugali. Ni zaidi ya miezi miwili. Ukihesabu kuanzia katikati ya Januari, siku 72 zinakufikisha mwisho wa Machi, wakati mahindi mabichi yanapokaribia kukomaa.

Kila nyumba ifanye hesabu yake. Nyumba yenye watu wengi itahitaji zaidi. Anayekula ndizi, mihogo au mtama atahesabu kwa chakula chake. Lakini baba na mama wahesabu pamoja. Ghala ambalo mmoja anajaza na mwingine anatoa bila kuambiana, halidumu.

Msimu uliofuata mzee yule alipika debe moja la pombe na debe moja la togwa. Wasaidizi walipewa pia makande na maharage, wakashiba. Wako walionung'unika. Mmoja alisema mzee amekuwa mgumu. Mzee alimjibu, "Ndugu yangu, Januari iliyopita nilipalilia shamba lako kwa debe moja. Januari hii nataka kupalilia la kwangu." Yule mtu hakuwa na neno.

Nilipita tena mwezi wa Februari. Mahindi yalikuwa yamepaliliwa mara mbili na yametiwa mbolea ya kukuzia. Katika kihenge chao, mama alikuwa amechora mistari 12 ya mkaa ukutani. Kila mwezi ukiisha alifuta mmoja. Mistari ilikuwa sawa na mahindi yaliyobaki.

POMBE INA KIPIMO GANI?

Tumesema juu ya mahindi yanayoingia katika pombe. Sasa tuseme juu ya pombe inayoingia mwilini.

Watu huuliza, "Bwana Shamba, kiasi cha pombe ni kipi?" Jibu linahitaji ukweli. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Anayekunywa kidogo hupata madhara kidogo kuliko anayekunywa sana. Asiyekunywa kabisa ndiye aliye salama zaidi.

Na wako watu ambao kipimo chao ni sifuri. Mama mjamzito asinywe, kwa sababu pombe humfikia mtoto tumboni. Watoto wasipewe. Anayeendesha gari au pikipiki asinywe. Anayetumia dawa amuulize mganga wa zahanati. Gongo nayo kipimo chake ni sifuri kwa kila mtu. Ni haramu kwa sheria, na inaweza kuwa na sumu inayopofusha macho na kuua. Tumbaku pia haina kiasi kinachofaa mwili.

Hapa tujifunze jambo. Kiasi hakina maana ya kuonja kila kitu. Mambo mengine kipimo chake ni kuyaacha.

Kwa yule anayekunywa na hajaamua kuacha, ajiwekee mipaka kabla ya kuondoka nyumbani. Aamue atatumia fedha ngapi na atarudi saa ngapi. Fedha nyingine aiache kwa mkewe. Mipaka inayowekwa kilabuni, baada ya kibuyu cha pili, si mipaka. Na kama mtu anajaribu kupunguza kila mara na hawezi, asione aibu. Aende zahanati akaombe msaada.

CHUMVI NA SUKARI

Chumvi ni mfano mzuri, kwa sababu mwili unaihitaji. Chumvi yenye madini joto hutukinga na ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa shingoni. Pia humsaidia mtoto akue vizuri akili na mwili. Kwa hiyo tusiikimbie.

Lakini ikizidi, hupandisha shinikizo la damu. Shinikizo la damu huweza kuleta kiharusi, na huharibu moyo na figo. Mtu hajui anaumwa mpaka siku anapoanguka. Kipimo kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku. Ni kijiko kimoja kidogo cha chai, kisichojaa mlima. Hicho ni kwa chakula chote cha siku, pamoja na chumvi iliyo ndani ya dagaa na samaki wakavu. Umekwisha kukijua kipimo hiki: kinakaribia kile kizibo cha soda cha mbolea.

Basi, chumvi itiwe chunguni wakati wa kupika, na chupa ya chumvi isikae mezani. Ulimi utalalamika wiki mbili tatu, kisha utazoea.

Sukari nayo ina kipimo. Kwa mtu mzima, jumla ya sukari ya kuongeza isizidi vijiko vidogo 12 kwa siku, na ikiwa chini ya 6 ni bora zaidi. Mtu anayetia vijiko vinne katika kikombe na kunywa vikombe vitatu amekwisha kufika 12. Akiongeza soda, amepita. Aanze kwa kupunguza kijiko kimoja. Fedha atakayookoa inunue maharage.

KAZI NA MAPUMZIKO

Jembe likitumika kila siku bila kunolewa huwa butu. Mwili ni hivyo hivyo. Anayeamka alfajiri akalima wakati wa baridi, akapumzika jua linapokuwa kali, akarudi jioni, hufanya kazi nyingi kuliko anayejiua juani mchana kutwa kisha akaugua siku tatu. Maji ya kunywa tuyachukue shambani, yawe safi na salama.

Lakini tujiulize: ni nani anayepumzika katika nyumba zetu? Mara nyingi baba akitoka shambani huketi. Mama akitoka shambani huchota maji, hukata kuni, hupika, huogesha watoto. Nyumba ambayo mmoja anapumzika sana na mwingine hapumziki haina usawa. Baba na vijana wa kiume wachukue ndoo na shoka. Hiyo si aibu.

Simu nayo ina wakati wake. Inatupa habari za hali ya hewa na bei za sokoni. Lakini kijana anayekesha nayo mpaka saa nane za usiku, asubuhi jembe humwona mzito.

KUJINYIMA NAKO KUNA HATARI

Sasa tugeuze upande wa pili. Wako watu wanaojisifu kwa kujinyima. Mtu ana kuku 20, lakini kila yai huenda sokoni. Ana ng'ombe wa maziwa, lakini watoto wake wanakula ugali na chumvi. Ukimuuliza anasema, "Nabana matumizi."

Huyo habani matumizi. Anawapunja watoto. Mtoto mdogo anahitaji vyakula vya kujenga mwili, kama maziwa, mayai, dagaa na maharage, pamoja na mboga za majani na matunda. Asipovipata hudumaa. Kuku aliyeuzwa ananunuliwa mwingine. Miaka miwili ya kwanza ya mtoto hainunuliki tena.

Basi auze mayai, lakini machache yabaki nyumbani. Auze maziwa, lakini kikombe cha mtoto kitoke kwanza. Hicho ndicho kiasi.

TUANZIE WAPI?

Tusianze mambo yote siku moja. Mtu anayeapa leo kuacha kila kitu, kesho kutwa hurudia kila kitu. Chagua jambo moja. Tafuta kipimo chake. Tumia chombo cha kupimia: debe, kizibo, kijiko, au mstari wa mkaa ukutani. Mwambie mwenzako wa nyumbani ili akukumbushe. Baada ya mwezi mmoja, angalia matokeo, kisha chagua jambo la pili.

Wazee wanaokumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, wanajua namna ya kufanya. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana. Kisha wakaenda kutenda. Nasi tufanye vivyo hivyo. Yafuatayo ni maswali ya kujadili katika kikundi chenu:

1. Nyumba yako hutumia madebe mangapi ya chakula kwa mwezi? Yaliyomo ghalani leo yatafika mwezi gani?

2. Katika kijiji chenu, mavuno mengi huuzwa mwezi gani? Watu huanza kununua chakula mwezi gani?

3. Tunawezaje kuwashukuru wanaotusaidia kazi bila kumaliza ghala?

4. Ni nani nyumbani kwako anayefanya kazi kupita kiasi? Mtampunguziaje mzigo?

5. Je, kuna kitu unachouza ambacho watoto wako wanakihitaji?

Mkiwa na swali juu ya mbolea au hifadhi ya nafaka, mwoneni bwana shamba au bibi shamba wa kata yenu. Kipimo cha mbolea hutegemea pia udongo wa mahali, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua. Juu ya shinikizo la damu, nendeni zahanati mkapimwe.

Na usiku wa leo, kabla ya kulala, mwambie mwenzako mwende ghalani pamoja mkahesabu madebe.